Siku Niliyomwangusha Zege

Adui huchorwa kutoka chini. Ukitaka msomaji amwogope, jifanye umelala chali miguuni pake, halafu chora unachokiona: soli za viatu kwanza, kisha magoti, kisha kifua kinachoziba jua, na kichwa mbali huko juu kama tangi la maji. Shujaa huchorwa mdogo, tena kwa mbali, ili siku akishinda ushindi wake uwe na ladha. Ndivyo tulivyofanya kazi katika karakana yetu ya katuni, na wasomaji wote walituelewa. Wa kwanza kuelewa kinyume alikuwa mama yangu mzazi.

Karakana ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la viatu. Gundi ya fundi wa chini ilipanda kwa ngazi ikachanganyika na wino wetu, na ikifika alasiri kila mtu anaumwa kichwa na kila mtu ana la kumlaumu mwenzake. Tulitoa jarida kila wiki. Tulikuwa na mashujaa wa kila aina na maadui wa kila aina: mzee anayeinua mlima kwa kidole kimoja, msichana anayesimamisha saa za mji mzima, bibi kizee anayemeza dhoruba asubuhi na kuzitema jioni. Kila mwisho wa mwaka tulifanya toleo maalumu, wasomaji wachague nani ana nguvu kupita wote, awe mwema au mwovu. Watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakigombana vinyozini: yule wa mlima akikutana na bibi wa dhoruba, nani atalala chini? Wengine walinuniana kabisa. Lakini miaka ya karibuni ubishi ulikuwa wa nafasi ya pili tu, kwa sababu ya kwanza alikuwa ameshaikalia Zege, na Zege alikuwa wa kwangu.

Zege alikuwa anakula kuta. Kila nyumba aliyoivunja iliingia mwilini mwake, kwa hiyo kadiri watu walivyobaki bila paa ndivyo yeye alivyonenepa. Aliyepambana naye ni Sindano, mwanamke mfupi aliyefunika uso, asiye na nguvu yoyote ila jicho la kuona ufa. Alikuwa akimchoma kwenye ufa, Zege anapiga kelele, anakimbia, na wiki inayofuata anarudi na nyumba nyingine tumboni.

Mhariri wetu, mtu aliyetanguliza tumbo na kuacha huruma nyuma, alikuwa na agizo moja kuhusu sura. Ya shujaa ifunikwe, ili kila msomaji ajione ndani yake. Ya adui iazimwe kwa mtu unayemjua, maana sura iliyotoka kichwani mwa mchoraji hufanana na kiazi. Mwenzangu wa meza ya pili alimwazima mama mwenye nyumba wake, ndiye yule bibi wa dhoruba. Mimi nilimwazima mdogo wangu wa kiume.

Wala sikufikiri sana. Baba alipofariki, mdogo wangu aliiuza nyumba tuliyozaliwa, akamwambia mama anakwenda kumjengea iliyo bora zaidi, kisha akahamia mji mwingine na maneno yake matamu na simu yake isiyopokelewa. Mama akaja kwangu mimi binti yake, kwenye vyumba vyangu viwili, na kitanda chake. Baadaye miguu ikakataa. Nikawa namwosha, namgeuza, nampikia uji, nakimbia kazini, narudi kumgeuza tena. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulilelewa na mtu mmoja, tukala sahani moja, basi sijui wanasemaje hapo.

Kwa hiyo Zege akapewa jino la mbele lililovunjika, sikio la kushoto lililojikunja, na ile nyusi moja inayopanda juu mdogo wangu akianza kudanganya. Nilikuwa nalipiza kisasi kwa penseli, na sitakataa kwamba kilikuwa kitamu.

Toleo la kwanza nililipeleka nyumbani makusudi. Mama hakuwahi kwenda shule, herufi kwake zilikuwa mistari tu, lakini macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Alilishika jarida mbele ya dirisha, akatazama, akatazama, mwisho akauliza kama huyu si mdogo wangu. Nikasema ndiye. Nikasubiri acheke au audhike. Badala yake uso mzima ukamchanua.

"Kumbe amekuwa mtu mkubwa," alisema. "Tazama watu wanavyomwinamia."

Walikuwa hawamwinamii. Walikuwa wanakimbia, wengine wameanguka. Lakini ukiondoa maneno, ukabaki na picha peke yake, mtu aliyejaza ukurasa mzima na wengine wote wako magotini mwake ni nani kama si mheshimiwa? Kisha akaweka kidole juu ya Sindano, kule pembeni, akauliza kadudu haka kanakomsumbua mwanangu ni nani. Nikamwambia sikajui.

Ningeweza kumweleza siku ile ile. Ila siku ile alimaliza uji bila kubembelezwa, na mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza. Wiki iliyofuata aliniuliza mdogo wangu anasema nini. Kwenye kiputo cha maneno Zege alikuwa anaunguruma, "Leo mtalala nje nyote!" Nikamsomea mama kwamba anasema poleni na kazi, mvua zikipungua atakuja. Wiki ile nyingine nikamsomea kwamba anauliza habari za miguu. Nikaendelea hivyo, toleo baada ya toleo, mpaka nikawa fundi. Kazini namtia mdogo wangu matusi mdomoni, nyumbani namtia salamu. Mama alizipokea zote. Akija jirani kumjulia hali, mama anamwonyesha picha, na jirani, ambaye alijua kusoma vizuri sana, ananitazama mimi kisha anasema mashallah, kijana ana mwili.

Niseme ukweli, iliniuma. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, baadaye ikawa mwiba. Mimi ndiye niliyekuwa nainua mwili wa mama mikononi, na aliyekuwa anasifiwa nguvu ni mtu wa wino. Kila wiki nilimchora mkubwa zaidi, maana ndiyo kazi, na kila wiki mama alimpenda zaidi. Nilijitegea mtego mwenyewe nikaingia mguu mzima.

Siku moja asubuhi nilikuwa namwosha mgongo. Jarida lilikuwa dirishani, limefunguliwa. Mama akalitazama kwa muda, maji yanamchuruzika, akasema, "Mwenzio kajaza ukurasa mzima. Wewe mbona humu sikuoni hata pembeni?"

Nilimkausha, nikamvisha, nikamlaza. Nilimsikia kama mtu anayenipima na mdogo wangu na kunikuta mwepesi. Nikajiambia basi, ataniona.

Toleo maalumu la mwaka lilikuwa linakuja. Nilimwendea mhariri nikamwambia namuua Zege. Alishtuka akaweka kikombe chini. Alisema ng'ombe unayemkamua humchinji, na kwamba hana haja ya kusikia zaidi. Nikamwambia huyu atakamuliwa zaidi akiwa mzoga, kwa sababu hakuna mtu atakayekosa kununua kifo cha mwenye nguvu kuliko wote. Alijikuna tumbo. Alisema nikachore, atatazama. Alipoona kurasa alisema nimechora kama mtu mwenye hasira zake, na akazipitisha.

Nilikuwa na hasira zangu kweli. Zege nilimchora kutoka juu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na ukimchora mtu kutoka juu anakuwa upara na mabega na vidole vinavyotafuta pa kushika. Ufa ulianzia kifuani. Nyumba zote alizokula zilimtoka moja moja: milango, vitanda, sufuria. Nilichora hata ngazi tatu za nyumba yetu ya zamani. Sindano nilimchora kutoka chini, soli za viatu kwanza, amesimama na kichwa chake kiko juu huko, amejaza ukurasa. Kwenye picha ya mwisho anavua kitambaa usoni. Ndani nikaweka sura yangu mwenyewe, na kovu langu la kidevuni, na macho yangu mekundu. Mwenzangu wa meza ya pili aliona, akaniangalia, akarudi kwenye kazi yake.

Lilipotoka kiwandani nililipeleka nyumbani mchana, wino haujakauka sawasawa. Nilimwegemeza mama kwenye mto, nikampa, nikakaa kwenye kigoda. Safari hii sikumsomea neno. Alilowesha kidole ulimini akafungua, ukurasa hadi ukurasa, taratibu kama anavyochambua mchele. Alipofika zile za mwisho alisimama. Nilimwona anatazama sikio, jino, nyusi. Kisha akatazama juu, kwangu pale kwenye karatasi, akakaa hapo muda mrefu. Nilikuwa kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama. Siku zote nilikuwa mimi."

"Na huyu hapa chini ni mdogo wako. Umemuua."

Hapo nikayatapika yote. Nilimwambia kwamba mdogo wangu ndiye mwovu humu, tangu toleo la kwanza, na watu wale walikuwa wanamkimbia. Kwamba hakuwahi kuuliza habari za miguu ya mtu. Kwamba salamu zote nilizitunga mimi, hapa kwenye kigoda hiki. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na niliona raha kusema.

Mama alisubiri nimalize.

"Nimekula chumvi nyingi, mwanangu," alisema. "Mtu anayemsalimia mama yake hakunji ngumi. Unadhani sikuona ngumi? Siku za kwanza nilidanganyika, nilikuwa na hamu naye. Baadaye nikaona."

Nikamuuliza kama aliona, kwa nini alikuwa anafurahi.

"Nilikuwa nafurahi kwa ajili yako. Nilijua salamu unazitunga. Nikasema, mtu anayeweza kumtia mwenzake maneno mazuri mdomoni, kila wiki, bila kuambiwa na mtu, basi amemsamehe. Nikasema nikiondoka hawatatupana." Alifunga jarida. "Nikakuuliza wewe mbona sikuoni humu. Nilitaka ujichore karibu naye. Si hivi."

Nilisema ni karatasi tu, mama.

"Najua ni karatasi, sijapungukiwa na akili. Lakini mkono uliochora ni wako. Na kilichoutuma mkono ni chako."

Nilichukua bakuli nikaenda kuwasha jiko. Uji ulipokuwa tayari aliunywa wote, bila kubembelezwa, akanishukuru kwa upole kama unavyomshukuru muuguzi wa zamu. Hilo liliniuma kuliko kama angeumwaga.

Toleo liliuzwa likaisha. Sindano alishika nafasi ya kwanza, juu ya yule wa mlima, juu ya bibi wa dhoruba, juu ya kila mwenye nguvu tuliyewahi kumchora. Mhariri alinipigia makofi mbele ya karakana nzima. Lakini haikupita muda wasomaji wakaanza kulalamika kwamba bila Zege hakuna wa kupigana naye, na Sindano peke yake anachosha. Mhariri akaniita akasema wenye nguvu hawafi moja kwa moja, ndiyo maana wana nguvu, nimrudishe. Nadhani alitegemea nitabisha. Nilimrudisha siku hiyo hiyo, tena kwa moyo wote. Kifusi, vumbi, mkono unatokeza, sikio lililojikunja. Nilimchora akiinuka, na safari hii nilimpa uso uliopumzika, nyusi zote mbili chini, kama alivyokuwa akilala pembeni yangu utotoni. Sindano nilimchora karibu naye, amemwinamia, amemshika kiwiko kumsaidia kusimama. Mhariri aliguna, akasema haieleweki wanafanya nini hawa, lakini alikuwa na haraka akaipeleka.

Nililipeleka nyumbani mbio, nusu ya njia nikiwa nakimbia. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho yako nje. Nikamwambia amerudi, mama, tazama, mzima kabisa. Nikamfungulia mwenyewe ukurasa, nikamwekea mapajani.

Alishusha macho akatazama picha kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mgeni. Alimtazama mdogo wangu. Alinitazama mimi niliyemshika kiwiko. Kisha akalifunga, akanirudishia mikononi.

"Umefanya vizuri kumfufua," alisema. "Lakini mimi nimeshaona unachoweza."

Akaniomba nimgeuze upande wa pili. Nikaweka jarida chini, nikapitisha mikono chini ya mgongo wake, nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno, na hakunishika shingo kama alivyozoea.