Kichupa Juu ya Bati

Wewe umewahi kuona dawa ikianikwa juu ya bati kama dagaa wa omena? Mimi nimeona, hapa hapa mtaani Jericho, mwaka wa tisini na sita. Aliyeianika ni mkwe wangu Kilonzo, karani wa mizigo kule uwanja wa ndege, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni.

Mbwa wa jalala la Dandora alikuwa amemng'ata mguu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imeisha zahanati, lakini mwanangu Mumo alikuwa anarudi kutoka Bombay, tukampigia simu akainunua huko. Vichupa vidogo vya unga mweupe uliokaushwa kwa baridi kali, wa kukorogwa na maji ya sindano. Tukamshukuru Mungu. Shida ni mdomo wa Mumo: alisema begi lilipitishwa kwenye eksirei.

"Basi dawa imekufa," Kilonzo akatangaza. "Mashine ile naijua. Naiona kila siku."

"Unaiona, au unaipita ukienda kunywa chai?" mkewe Wanza, binti yangu, akamuuliza.

"Mionzi inapenya sanduku la bati, Mama Ndete! Itashindwa na unga?"

Mchana nikatoka kuwapa kuku maji. Nikakuta kichupa kimoja juu ya banda lao, bati linawaka. Eti jua livute mionzi itoke! Kuku wenyewe walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ndoo.

Nikamwita jirani yetu Hikma, muuguzi wa zahanati, aliyetuwekea vichupa vingine kwenye friji yake. Akaja na sindano na kichupa kimoja kutoka kwenye friji hiyo.

"Picha moja ya begi haiui unga mkavu kama huu, Baba Ndete," akasema. "Ungeumulika kwa mionzi mikali muda mrefu, hapo tungezungumza. Adui yake ni joto. Hiki ulichokipika nakitupa."

"Wewe umesomea mashine?"

"Nimesomea wagonjwa. Nilimuuguza mmoja aliyechelewa kudungwa. Alikuwa akiona kikombe cha maji anapiga kelele. Tulimzika Langata."

Wanza akashika mdomo. Kilonzo naye akahamia kulaumu hewa ya Bombay, kisha umeme wa pale uwanjani, kisha urefu ambao ndege huruka. Jasho lilikuwa limefika kwenye tai. Kila Hikma aliposogea, yeye alivuta mkono wa shati chini na kunitazama kwa pembe ya jicho.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale sebuleni nafuma kitambaa cha meza. Kwetu Ukambani mkwe hujikaza mbele ya mama mkwe. Huyu hata mfupa wa kuku huogopa kuung'ata nikiwepo. Sikumharakisha. Nikamaliza mstari, nikaanza mwingine. Hikma akapangusa kifuniko cha kichupa kile cha friji kwa pamba, akaukoroga unga kwa maji ya sindano, akavuta dawa.

"Mama," Kilonzo akasema hatimaye, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto. "Nakuomba utoke nje. Hii dawa ni nzima. Ni mimi naogopa sindano, na nataka kulia."