Ubavu Mwekundu, Ubavu wa Kijani

Shangazi yangu, nahodha wa meli yetu ya angani, alihama upande vitani mara nyingi kuliko mimi nilivyobadili soksi. Kila alipohama, meli ilipakwa rangi upya: nyekundu ya Mfalme au kijani ya waasi. Safari hii fundi rangi alikuwa amepaka kijani ubavu wa kushoto tu alipoambiwa tumerudi kwa Mfalme. Akatupa brashi. "Nikimaliza, mtahama tena!"

Hivyo tukapita katikati ya vita, ubavu wa kijani ukiwatazama waasi, ule mwekundu ukimtazama Mfalme, na wote wakatupigia saluti. Mimi, rubani mtukufu, nilishika usukani kwa mikono miwili.

"Nyoosha tu, baba," Shangazi alinong'ona. "Usigeuke hata kidogo."

Ndipo redio ikakoroma. Alikuwa binamu yangu, mwana wa pekee wa Shangazi, ndani ya chombo cha waasi kilichokuwa kikiungua nyuma yetu. "Mama, mlango umekwama. Njoo unitoe."

Kumfuata kulimaanisha kugeuka, na kugeuka ni kumwonyesha kila mmoja rangi ya adui yake. Shangazi alizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga. "Mtoto huyu, nilimwambia asomee uhasibu!"

"Sasa sisi ni wa nani?" fundi rangi aliuliza.

"Wa mwanangu. Geuza!"

Nikageuza. Mfalme na waasi wakakubaliana kwa mara ya kwanza: wakatupiga sisi. Binamu tulimtoa akiwa na nyusi nusu, tukatimua mbio, na Shangazi bado hajaketi; anazunguka chumba akimhubiria uhasibu.