Re ya Mzee Feliksi

Debe tupu haliachi kuvuma, na miaka mitatu iliyopita debe lenyewe lilikuwa Nehemia. Ndiyo kwanza amefanywa mwalimu wa kwaya pale Katubuka, solfa, zile do-re-mi, imemjaa kichwani, akayakatiza mazoezi mbele ya waimbaji wote.

"Mzee Feliksi, kodi hii ya gitaa ina sauti tatu tu: do, mi, so. Hiyo re unayoichomeka juu inatoka wapi?"

Waimbaji wakacheka. Mzee, aliyeipigia kwaya ile gitaa tangu Nehemia hajazaliwa, alichomoa waya, akaenda zake Simbo kulima mihogo. Hakuna aliyemfuata.

Sasa wiki hii Nehemia alikuwa anafuatilia somo la gitaa kwenye simu. Kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, hujengwa kwa kuruka, alielezwa: shika do, ruka re, shika mi, ruka fa, shika so. Wengi huishia hapo, lakini nani kakataza kuendelea kupanda? Ruka la, shika ti, au hata iache ukipenda. Ruka do ya juu, shika re. Nehemia akahesabu kwa vidole kuanzia do ya chini. Re ikaangukia ya tisa. Kumbe ni kodi yenye jina lake, kodi ya tisa, watu wanaisomea! Akaipiga, na chumbani ikalia sauti ile ile aliyoifukuza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jumamosi asubuhi akapanda bodaboda mpaka Simbo. Alimkuta mzee uani, anaanika mihogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. Angeipokea heshima ile, angeshindwa kusema. "Mzee, nilikosea. Re yako ilikuwa sahihi, mimi ndiye sikujua kitu. Nilikuaibisha bure. Nisamehe, urudi kwenye kwaya."

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu," mzee alisema, akamwita mkewe, Mama Yunisi, alete gitaa. Nehemia akashusha pumzi.

Mzee akapiga wimbo mzima. Do, mi, so. Safi, na mkavu kabisa.

"Umesikia?" Uso ulimng'aa. "Miaka mitatu naifukuza re ile. Hiki kidole kidogo kilikuwa kikaidi, nikakifunga kitambaa mpaka kikatii. Nilijua ipo siku mtanijaribu tena."

Nehemia alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mzee, irudishe. Nakuomba. Piga kama ulivyokuwa unapiga."

Mzee alisita, kisha akakinyoosha kidole. Kikatua penyewe kwenye uzi, re ikalia juu kabisa, tamu, hata Mama Yunisi akageuka mlangoni.

Mzee akakiondoa upesi, akauziba uzi kwa kiganja, akamtazama Nehemia kwa woga.

"Samahani, Mwalimu," alisema.