Bili ya Dobi

Alipostaafu kazi ya kupiga chapa ofisini, majirani walikuwa wameshambandika jina la Bi Tarehe, wala halikumkera. Bili ya maji ilipewa siku kumi na nne. Zikipita, inaongezwa faini kila mwezi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulipa faini hata senti. Msoma mita akipita asubuhi na kumwachia karatasi, kufika mchana ameshalipa kwa simu, amenakili namba ya malipo nyuma ya karatasi kwa mwandiko wake wa kulala, na kuitia kwenye faili la kijani. Mstari wa "bili ya mwezi huu" aliusoma. Ule wa chini yake, wa "deni la nyuma", hakuusoma, maana deni hakuwa nalo.

Ndiyo sababu Jumatatu moja alipokuta ilani nyekundu imebandikwa getini, alidhani wamekosea nyumba. Ilani ilisema anadaiwa miezi minne pamoja na faini, na maji yangekatwa baada ya siku saba.

"Mama, pengine..." alianza binti yake.

"Pengine nini? Nipe faili langu."

Ofisi ya maji ilikuwa na madirisha matano na mawili tu yenye watu. Karani aliyemhudumia alikuwa dada mmoja wa sweta la bluu. Alipekua karatasi moja baada ya nyingine bila haraka, akawa analinganisha na kompyuta yake, na utaratibu huo ulimuudhi Bi Tarehe zaidi, kwa kuwa alikuja na maneno tayari mdomoni.

"Umelipa kweli, mama," karani akasema mwishowe.

"Si ndivyo ninavyokwambia?"

"Ila hujajilipia wewe. Tazama hapa. Akaunti yako inaishia na nne, nane. Hizi za miezi minne zote zinaishia na nane, nne."

Bi Tarehe alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Namba zilikuwa zilezile. Miezi minne nyuma binti yake alimnunulia simu mpya, akataka kumwingizia namba zake, naye akamfukuza. Mtu aliyepiga chapa miaka thelathini hafundishwi kuandika namba, alisema siku ile.

"Basi zirudisheni kwangu."

"Zinahamishwa kwa fomu, na mwenye akaunti ile lazima asaini. Nimpigie nimuulize kama atakubali muonane?"

Mwenye akaunti alikubali. Alikuwa dobi, mitaa miwili nyuma ya soko, mwenye ua wa saruji, mabeseni manne makubwa na kamba zilizojaa mashuka. Alimwamkia Bi Tarehe, akamvutia kiti, akaisoma fomu akiwa amesimama, ameishika kwa pembe asije akailowesha.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Vidole viliteleza."

"Nilidhani ni kaka yangu."

Dobi aliendelea bila kuulizwa. Kaka yake waliishi naye hapo zamani, na hakukuwa na mtu mwingine aliyeijua namba ya akaunti. Miaka sita iliyopita kaka aliuza nyumba ya baba yao bila kumshirikisha, na tangu hapo hawakusemezana.

"Mimi nilikuwa nimebakiza wiki moja nikatiwe. Dobi bila maji, nitafua kwa mate? Mara naona deni limepungua. Mwezi uliofuata, tena. Nikajikaza, nikampigia kumshukuru."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hayo ni madogo, mdogo wangu.' Sasa tunaongea kila Jumapili."

Shuka lilikuwa linadondosha maji kwenye saruji. Wazo la kuikunja fomu na kuondoka lilimjia Bi Tarehe, akalitazama, kisha likampita. Zilikuwa hela zilizotoka kwenye pensheni yake kwa miezi minne. Kalamu aliyokuja nayo aliiacha pale alipokuwa ameiweka, juu ya meza ya pasi. Dobi aliiona, akafuta mikono kwenye fulana, akasaini.

"Zako ni zako, mama."

Kisha akapiga simu. Aliiweka mezani, akafungua spika, kwa kuwa vidole bado vilikuwa na sabuni.

"Kaka, ile bili ya maji. Siyo wewe uliyelipa."

Upande wa pili kulisikika redio, halafu redio ikazimwa.

"Siyo mimi," sauti ikasema.

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ulinipigia ukaniita kaka. Miaka sita sijalisikia neno hilo. Ningejibu nini?"

"Ungesema siyo wewe."

"Wewe ungeweza kusema. Mimi nilishindwa." Akakohoa. "Deni likirudi litakuwa kubwa?"

"Kubwa mno."

"Nitakuja Jumamosi."

"Usije na uongo mwingine."

"Nitakuja na hela kidogo. Uongo umeniishia."

Bi Tarehe alikuwa ameshasimama, anajifanya kutafuta kitu mkobani. Aliaga kwa sauti ya chini na kuondoka na fomu yake.

Malipo yalihamishwa siku hiyohiyo. Faini haikufutwa, kosa ni la mteja, karani alisema, na alionekana kusikitika kweli. Binti alijitolea kuilipa, akakataliwa. Bi Tarehe alihesabu noti dirishani mwenyewe, akachukua stakabadhi, na akaiweka mbele kabisa ya faili, mahali ambapo angeiona kila mwezi. Kabla ya kuondoka aliulizia habari za dobi. Karani alimwambia kwamba mteja akija mwenyewe kabla ya kukatiwa huruhusiwa kulipa kwa mafungu matatu. Jioni Bi Tarehe alimpigia dobi kumweleza hivyo.

Jumamosi alikuwa akitoka sokoni alipopita mbele ya ua ule. Wanaume wawili walikuwa wameshika blanketi lililolowa, kila mmoja upande wake, wanalikamua. Mmoja alivaa viatu vya ofisini na suruali iliyokunjwa hadi magotini.

"Unazungusha huku na mimi nazungusha huku huku! Tutakamua lini?" dobi alikuwa akifoka.

"Basi geuza wewe."

"Geuza wewe, ndiwe mgeni."

Bi Tarehe alihamisha kikapu mkono wa pili, akaendelea na safari yake.