Jiwe la Mkunga

Fundi alikuwa ameshatoboa tundu la kwanza ukutani mjane alipotoka na ndoo ya maji machafu, akayamwaga miguuni pa fundi. Wala hakuteleza; alikusudia.

"Shikamoo, mama," fundi akasema, suruali inachuruzika.

"Marahaba. Nani kakutuma kunitoboa nyumba?"

Aliyemtuma alikuwa anakuja, tena kwa madaha. Wifi wa mjane, dada wa marehemu mumewe, alitangulia kavaa nguo mpya, mwenyekiti wa mtaa nyuma, na nyuma yao majirani wasiotaka kupitwa na jambo. Ofisi ya mtaa ilikuwa imeamua kuwaenzi watu wake wa zamani. Kona ya juu walishamwekea jiwe mpiga tarumbeta, shuleni wakamwekea mwalimu. Leo ilikuwa zamu ya mkunga, mama mkwe wa mjane, aliyepokea watoto wa mtaa kabla hospitali haijajengwa.

Mwenyekiti akalifunua jiwe, akasoma kwa sauti ya mkutanoni:

"Hapa aliishi Mkunga wa mtaa wetu. Alitupokea tukiwa hatuna nguo. Hakuna mama aliyemwita akamkatalia."

"Rudia mstari huo wa mwisho," mjane akasema.

Mwenyekiti akarudia.

"Huo haukai kwenye ukuta huu."

Wifi akachekea puani. "Nyumba kajenga mama yangu."

"Kajenga mama yako, kaniachia mume wangu, naifagia mimi."

"Wivu tu. Mtu yuko kaburini miaka yote hii, bado unashindana naye. Huoni haya?"

Muuza mkaa wa jirani naye akajitosa. "Mama, yule bibi alinitoa mimi nimetanguliza miguu, mama yangu keshakata tamaa. Leo unamnyima jiwe?"

"Wewe alikutoa, nani kakubishia? Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo silikani. Ndiyo maana nilimwita."

Hapo majirani wakasogea karibu, maana mjane huyu hakuwa mtu wa kusema yake barabarani. Mumewe alimwomba anyamaze mama angali hai. Mama alipokufa, akamwomba anyamaze kwa ajili yake yeye mume. Alinyamaza mara zote mbili. Sasa wote wawili wako chini ya udongo, na yeye ndiye angepita chini ya maneno yale kila akienda dukani, kila akirudi.

"Wifi," akasema, "waambie watu. Siku ile uchungu uliponishika kule chumba cha nyuma, nilikutuma kwa nani?"

"Sikumbuki mambo ya kale."

"Nilikutuma kwa mama yako. Alikuwa hapa, chumba cha mbele, ukuta mmoja tu kati yetu. Ukarudi ukasimama mlangoni. Ukaniambia nini?"

"Nilikuwa mtoto."

"Mtoto aliyekuwa akichumbiwa."

Mtu akacheka, kisha akakimeza kicheko chake.

"Nilikwambia mama kalala," wifi akasema, akikaza shingo. "Na alikuwa kalala."

"Na cherehani alikuwa anashona nani? Paka?"

Mjane aliisikia tena wakati akisema, ile cherehani, inakwenda, inakwenda, inakata uzi, inakwenda. Mama mkwe aliapa siku ya ndoa kwamba mikono yake haitamgusa mwanamke aliyemchukulia mwanawe bila ridhaa yake, na kiapo chake alikitimiza. Mtoto alitoka wa kike. Hakulia.

Wifi alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Muuza mkaa alikuwa anafuta vidole ambavyo havifutiki.

"Nilimbembeleza," wifi akafoka. "Nilimshika mpaka gauni. Akasema nikuambie kalala. Ulitaka nifanye nini? Nimburute?"

"Nilitaka ukae na mimi. Ulisema neno lako, ukafunga mlango."

Mwenyekiti akakohoa. Mgeni rasmi anakuja alasiri, akasema, na jiwe limeshachongwa. Basi wenye nyumba wasitiriane.

"Mstari wa kwanza ni kweli, wa pili ni kweli," mjane akamjibu. "Iwekeni, sitii neno. Wa tatu utoke, au mlibebe jiwe lenu."

"Naweza kuufuta kwa tindo," fundi akasema, "ila patabaki kovu."

"Libaki."

"Jiwe la mama yangu halichokorwi," wifi akasema.

Mwenyekiti akamgeukia. "Dada, umesema mwenyewe, tumekusikia wote. Fundi, futa."

Wifi alisimama palepale mpaka kipande cha mwisho kikaanguka. Kisha akamsogelea mjane, uso kwa uso. "Kuanzia leo usinisalimie."

"Mara ya mwisho nilikusalimia lini?"

Alasiri mgeni akaja, akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi. Mjane naye alipiga, kidogo, kwa ajili ya ile mistari miwili.

Jiwe lipo mpaka leo. Wapita njia husoma, wakifika pale palipokwaruzwa hunyoosha shingo, kisha humuuliza mjane anayefagia kizingiti chake: hapa paliandikwa nini?

Huwaonyesha kwa ufagio mlango wa buluu, ng'ambo ya barabara.

"Mkamuulize wifi yangu," huwaambia. "Bisheni hodi kwa nguvu. Yupo, hajalala."