Kastadi Iliyokatika

Baba yangu alioka mikate kwa miaka arobaini, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Hamira. Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ulilala na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekuwa haishiwi hadithi akaanza kutujibu kwa kutikisa kichwa. Jikoni hakukanyaga tena. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa sponji aufinye kila siku. Akauficha chini ya mto.

Mama ni fundi cherehani. Kwetu mipaka ilijulikana: uzi wa mama, unga wa baba. Tangu uchumba wao, kila Ijumaa baba alimletea skonzi moja yenye kastadi ndani na chokoleti juu, na ndoa haikumfanya aache. Kiharusi ndicho kilichomwachisha.

Ijumaa moja, mwezi wa nne wa ugonjwa, nilitoka kazini nikamkuta mama amevaa aproni ya baba, imemfika miguuni. Nikamuuliza kulikoni.

"Miaka thelathini na minane nakula za kuletewa," akasema. "Leo napeleka mimi."

Unga uliumuka vizuri tu. Kastadi ndiyo iliyomtoa jasho. Mara ya kwanza alimimina mayai kwenye maziwa yanayochemka, ikakatika, ikawa mabongemabonge. Nikamshauri tutazame video kwenye simu. Akanijibu kwamba yeye hakuolewa na simu. Mara ya pili aliacha kukoroga kidogo tu, ikashika chini, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikaenda hadi chumbani.

Tukasikia kiganja kikijiburuza ukutani. Baba akatokea mlangoni, akaitazama ile sufuria kama mtu aliyefika penye ajali.

"Maziwa ndiyo yaende kwa mayai," alisema, neno moja moja. "Kidogo kidogo. Si mayai kwenda kwa maziwa."

Hatukuwa tumesikia maneno mengi hivyo kutoka kwake tangu hospitalini. Mama hakugeuka, lakini niliyaona mabega yake yakilegea. Akavunja mayai mengine. Nikamvutia baba kiti, naye akalikumbatia bakuli la mayai kwa mkono wa kushoto huku mama akimimina maziwa taratibu na kukoroga. Safari hii kastadi ikatoka laini, inateleza.

Ilipopoa, mama alikata unga vipande, akaweka kastadi katikati, akakunja kingo na kuzibana kwa vidole kama anayepiga pindo.

"Hiyo skonzi," baba akauliza, "au mfuko wa suruali?"

"Mifuko yangu haivuji, mume wangu."

Baba akacheka, kicheko cha upande mmoja. Kisha akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama anayembeba mtoto aliyelala, akaulaza juu ya bonge la unga lililobaki. Mama akaweka wake juu yake. Wakakanda hivyo, bila haraka, nami nikajitia kuosha vyombo.

Skonzi tatu zilipasuka ndani ya oveni. Baba alizimwagia zote chokoleti mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na meza ilipata nyingi kuliko skonzi. Alikula mbili. Chokoleti ikamganda kwenye sharubu, na mama alipoipangusa kwa kidole gumba, macho ya baba yakajaa.

"Naona aibu kuongea," akasema.

"Mimi nimezoea kukusikiliza," mama akamwambia. "Huu ukimya ndio sijauzoea."

Mkono haujaamka mpaka leo, ingawa mpira sasa anaufinya bila kuambiwa. Wiki iliyofuata nilimkuta amekaa kibarazani akibishana na jirani kuhusu mechi ya jana yake. Kila neno lilichukua muda wake kutoka, na jirani alisubiri.