Chati ya Mlo wa Jitu

Matroni alistaafu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshawachosha watu wa nyumbani kwake. Alipanga vikombe upya kwa ukubwa. Alibandika majina kwenye makopo ya chumvi na sukari ambayo kila mtu aliyajua hata gizani. Akamtaka mumewe aandike saa anayotoka na saa anayorudi, ilhali mumewe ni fundi saa, karakana yake ni chumba cha mbele, na mtu huyo hatoki. Miaka thelathini na minne ya kuongoza wodi haimwachi mtu hivi hivi. Mama wa watu alikuwa amezoea kuona manesi wakinyooka akipita, na sasa alipita asubuhi na jioni asinyooke mtu, hata paka wa jirani.

Binti yao, wakala wa bima ambaye bado alikuwa akiishi kwao, ndiye aliyeubuni mpango. Mama anahitaji mtu wa kumhudumia, alimwambia baba yake, la sivyo atatuhudumia sisi mpaka tuhame. Jioni ile akaja na mbwa.

Tuseme mbwa, kwa kuwa ndivyo alivyoandikwa kwenye karatasi za muuzaji. Kwa macho alikuwa soksi iliyoanguka kwenye kamba ya nguo. Alikuwa wa zile aina ndogo kabisa, ambao hata wakizeeka wanabebwa kwenye mkoba, na alipowekwa kwenye mizani ya jikoni hakufika gramu mia nane. Fundi saa akaipandisha lenzi yake kwenye paji la uso, akamkagua huku na huku, akampa jina la Jitu.

Maagizo ya muuzaji yalikuwa mafupi. Watoto wa aina hii hawana akiba mwilini, wakikaa na njaa sukari huwashuka ghafla wakaanguka. Alishwe punje za chakula cha mbwa zilizolowekwa maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha chakula, kila baada ya saa tatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kisha aachwe alale. Mtu mwingine angesema sawa, akatafuta kijiko. Matroni alitafuta karatasi ya manila na rula.

Ile chati ilijaza mlango mzima wa friji. Ilikuwa na safu ya saa, safu ya kiasi alichokula kwa asilimia, safu ya choo, safu ya mlishaji, safu ya sahihi, na safu ya maoni. Kalamu ilining'inia kando kwa kipande cha bendeji ili asitokee mjanja wa kuondoka nayo. Zamu zikagawanywa: binti alfajiri na usiku, Matroni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, fundi saa naye saa sita mchana na jioni. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, aliandika kwamba hakuna mlo bila sahihi. Kwamba pia hakuna sahihi bila mlo hakuandika, maana hilo aliona kila mtu mwenye akili timamu analijua.

Wiki ya kwanza watu walikwenda kwa adabu. Fundi saa aliwahi kuandika kwenye maoni kuwa mgonjwa amekula kwa bashasha, akaitwa mezani na kuelezwa kwamba safu hiyo si ya utenzi. Siku nyingine alichelewa dakika nne akatakiwa aandike sababu, yeye ambaye watu humletea saa zao zikichelewa. Aliandika, "Nilikuwa chooni," na Matroni akakubali, kwa sababu ilikuwa sababu na ilikuwa imeandikwa.

Wiki ya pili wakaanza kuja wageni. Matroni hakuwa na haja ya kuwaonyesha mbwa. Aliwapitisha moja kwa moja jikoni hadi kwenye friji, akasimama pembeni na mikono nyuma, akiwaachia nafasi ya kustaajabu. Wageni walistaajabu, wakasema hata hospitali kubwa hazina kitu kama hiki, naye akatabasamu kidogo kama mtu aliyeonewa kwa kusifiwa. Jitu alikuwa mahali fulani chini ya meza akitafuna kamba ya kiatu cha mgeni.

Jumamosi ya wiki ya tatu mambo yakaharibika, na yaliharibika kwa utaratibu mzuri sana.

Ijumaa usiku binti alimlisha Jitu saa tatu, hilo ni kweli, mbwa alikula mpaka akalamba sahani. Alipokwisha kusaini akaiona nafasi ya alfajiri iko hapo hapo chini yake, tupu, naye alijijua alivyo na usingizi. Akasaini na hiyo kabisa, asilimia mia, ili akiamka asipapase kalamu. Aliamka saa mbili kasoro, akajitupia maji usoni, akakimbilia miadi yake ya kusuka nywele. Chakula hakikumjia akilini hata kidogo.

Saa tatu ilipofika Matroni alikuwa mezani na manila mpya. Alikuwa ameamua chati ya mwanzo ina mapengo, hivyo anaongeza safu mbili, moja ya hali ya mkia na nyingine ya jina la mkaguzi. Jitu alikuja akasimama juu ya ndara yake, akalia kasauti kembamba. Matroni alimwambia asubiri, mambo yana utaratibu wake. Akainua macho kwenye friji akaona alfajiri mgonjwa amekula vizuri, akaona basi hakuna haraka. Ila nafasi ya saa tatu ikiwa wazi saa tatu na dakika tano haipendezi. Akainuka, akasaini, akarudi mezani amalize mstari mmoja tu. Ulipokwisha huo ukaja mwingine, kisha rula ikateleza ikabidi aanze upya safu ya mkia. Jitu alilia, akachoka kulia, akajikunja chini ya kiti. Matroni alifurahia ule utulivu.

Saa sita fundi saa aliingia jikoni huku akili yake yote iko kwenye saa ya ukutani aliyoiacha imefunguliwa tumbo. Alitazama chati: milo miwili, asilimia mia mara mbili. Alichungulia chini ya kiti: mbwa kalala tuli. Huyo ameshiba, aliamua, na aliyeshiba haamshwi. Lakini kuacha nafasi wazi ni kuandika maelezo, naye hakuwa na siku nzima. Alijaza asilimia mia, akasaini, akaongeza "mgonjwa amepumzika", akarudi kwenye springi zake.

Saa saba kasoro binti alirudi na nywele mpya, akataka picha. Alimwinua Jitu, na kichwa cha Jitu kikaanguka pembeni. Mwili ulikuwa baridi, miguu ilitetemeka, fizi zilikuwa nyeupe. Binti alimwita mama yake kwa sauti ambayo hajaitumia tangu utotoni.

Ukweli usemwe, kitu cha kwanza kilichompitia Matroni kifuani hakikuwa huzuni. Kilikuwa kitu kinachokaribiana na furaha. Hatimaye alikuwa na mgonjwa. Mgongo ukamnyooka, akaagiza taulo, akaagiza taa, akaagiza chati ibanduliwe iletwe mezani. Simu ikapigwa kwa daktari wa mifugo, ikawekwa spika. Daktari alikuwa shambani kwa mtu, anamzalisha ng'ombe, mwendo wa saa nzima kutoka pale. Aliuliza mbwa ana hali gani, kisha akauliza amekula lini.

Matroni alisoma kwa ile sauti aliyokuwa akikabidhia zamu. Saa kumi na mbili, asilimia mia. Saa tatu, asilimia mia. Saa sita, asilimia mia. Upande wa pili ng'ombe aliguna.

"Basi si njaa," alisema. "Kama amekula mara tatu na bado yuko hivyo, huenda amelamba sumu. Msimtie chochote mdomoni. Mfungeni taulo, mje naye kliniki, nami nikimaliza hapa nakuja. Angekuwa hajala ningewaambia mumpake sukari sasa hivi, kwa sababu saa nzima hafiki. Mna hakika amekula?"

Matroni aliitazama sahihi yake. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkunjo mrefu mwishoni, na mistari yote ya chati ilikuwa imejaa bila kufutwa mahali. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama dirisha. Alimtazama binti yake, binti akazidisha kilio kuliko kilivyotakiwa. Kwa kuwa alijua sahihi yake ilivyopatikana, alizijua na zile nyingine mbili. Na mezani, ndani ya taulo, kile kiumbe kilikuwa kinavuta pumzi moja, kinapumzika, kinatafuta nyingine. Alijisikia aibu mpaka masikio yakamwaka. Hata hivyo mdomo ulijaribu njia ya mwisho.

"Chati inasema amekula, daktari."

"Mama, sikuiuliza chati."

Matroni aliisukuma chati pembeni.

"Sikumlisha," Matroni alisema. "Nilisaini, sikumlisha."

"Mimi pia," alisema fundi saa.

"Mimi nilisaini tangu jana," alisema binti.

"Hajala tangu jana usiku, daktari. Saa kumi na sita karibu," Matroni alijumlisha.

Daktari hakuwagombeza, hakuwa na muda huo. Sukari kijiko, maji ya vuguvugu kidogo, mpake kwenye fizi kwa kidole, taratibu, usimmiminie kooni. Binti alikoroga akamwaga nusu mezani. Fundi saa alikishika kile kichwa kwa vidole vyake vilivyozoea skrubu ndogo, mkewe akapaka. Akapaka tena. Hakuna aliyetazama saa, katika nyumba yenye saa ishirini na tatu. Kisha ulimi ukatoka, ukalamba kidole, ukarudi ndani kana kwamba unakwenda kutafakari, ukatoka tena.

Baadaye kidogo Jitu alikuwa amesimama kwa miguu minne iliyokosa uhakika, anakula punje kwenye kiganja cha Matroni, aliyekaa sakafuni na gauni lake zuri. Daktari alisema hata hivyo wampeleke akamwone. Binti alikwenda kutafuta teksi. Fundi saa, ambaye hofu ikimtoka lazima mzaha uingie, aliiokota kalamu kwa ile bendeji yake akauliza hapa sasa tuandike nini.

Matroni alikuwa anamkumbuka mzee mmoja wa wodini, kitanda cha karibu na dirisha, aliyekuwa akirudia mchana kutwa kwamba hajaletewa chakula tangu asubuhi. Manesi walimcheka. Matroni mwenyewe ndiye aliyekwenda na faili, akalifungua mbele yake, akamwekea kidole kwenye sahihi za asubuhi na mchana, akamwambia kwa upole, umekula, mzee wangu, ni kusahau tu. Yule mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akamwomba radhi kwa usumbufu.